Dabu Yenye Sauti ya Mshonaji

Siku hizo vibanda vya kanda vilijipanga nyuma ya soko, kila kimoja na spika yake, kila kimoja kikitaka kumfunika jirani. Ndipo mshonaji alipotokea, gauni la kijani limemkaa kama alizaliwa nalo, akaitupa kanda mezani na kutaka abadilishiwe. Mwimbaji, alimwambia mwenye kibanda, anaanza neno halafu anapotea.

Mchomeleaji mmoja alikuwa akichagua kanda pembeni. Wenzake walimwita Besi, na hakuweza kunyamaza.

"Haijaharibika, dada. Ndiyo dabu hiyo. Rege iliyotolewa sauti makusudi, ibaki ngoma na besi."

"Kwa hiyo nimenunua embe, nikapewa kokwa?"

"Kokwa ndiyo mti wenyewe."

Watu wakacheka. Besi akamvisha hedifoni za kibanda, akamwambia asubiri kinanda kinachoingia mara moja tu, kisha kinarudi kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili. Mshonaji alifumba macho. Alipoyafumbua, hakukumbuka tena kudai kubadilishiwa.

Jumapili zikawa zao. Kwa dada yake mshonaji, mlango ukiwa wazi kwa heshima, walisikiliza albamu ambayo Besi aliipenda kuliko zote. Upande wa pili, wimbo wa tatu, ngoma inaanguka ghafla, unabaki mwangwi. Hapo, alimweleza, ndipo mtu anapousikia moyo wake mwenyewe. Mwishowe Besi akamwazima kanda ile, naye hakuwa mtu wa kuazima watu vitu vyake.

Kisha wakubwa wa mji, wasiosikiliza kitu ila matumbo yao, wakabomoa vibanda kupisha maegesho ambayo mpaka leo ni vumbi tupu. Kanda kama ile isingepatikana tena.

Wiki hiyohiyo mshonaji alikuja nyumbani kwa Besi na kanda iliyofungwa kwenye kitambaa cha maua. Besi akaiweka redioni. Kila muziki ulipoacha nafasi, sauti ya mshonaji iliimba.

"Umeimba juu yake," Besi alisema, uso umemshuka. "Umeiua."

"Sikiliza mpaka mwisho basi."

"Nisikilize nini? Hata wale wabomoaji hawakufika humu ndani."

Mshonaji alichukua mkoba wake akaondoka.

Siku zikapita, Besi akichomelea mageti ya watu na roho imeota kutu. Jioni moja akaiweka tena kanda ile, apate kuichukia vizuri. Ikafika upande wa pili, wimbo wa tatu. Ngoma ikaanguka, na pale mshonaji hakuimba. Ilisikika cherehani kwa mbali, ikienda polepole, kisha sauti yake, chini kabisa: "Hapa nimekuachia. Na hii ni nakala, mpenzi. Yako ninayo, usije ukazimia."

Besi alikimbilia simu ya dukani. Dada mtu alipokea, akamwambia ashukuru simu haina mikono. Halafu mshonaji mwenyewe akaja kwenye simu.

"Nimefika mwisho," Besi alisema.

"Umechelewa. Betri ziliisha?"

"Akili ndiyo iliisha. Ile yangu, kaa nayo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuwe na redio moja."

"Mtume mjomba wako Jumapili," mshonaji alisema. "Wewe usitie mguu, dada bado hajakusamehe. Mimi nilishakusamehe ukiwa bado unafoka."