Faili la Tatu

Kiza kilikuwa kinaingia Mama Mdogo alipopiga hodi, akaingia bila kungoja karibu, akaweka mezani kinasa sauti kidogo cha kutosha kiganjani.

"Mama yako alisema maneno siku zile za mwisho. Nilimrekodi mara mbili. Niandikie, nikawasomee kaka zako."

Kitinda alikivuta karibu. Yeye ndiye kitindamimba wa nyumba yao, na jina la utani lilimganda tangu utotoni. Kazi yake ni kusikiliza rekodi za watu na kuziandika kwenye kompyuta, humo humo chumbani kwake, na wateja wanamsifu kwamba haruki hata kikohozi. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu wamzike mama, naye hajadondosha chozi. Majirani walimsema wee, mpaka wakachoka wenyewe. Jamani, hakuwa na roho mbaya! Alikuwa amekufa ganzi, basi. Mama alipozidiwa alimwita, yeye akajibu atakwenda kesho, amalize kwanza kazi ya mteja. Kesho ilipofika, mama hakuwepo. Sasa alitaka jambo moja tu duniani: kujua kama mama aliondoka na kinyongo naye, au alimwachia radhi.

"Kula kwanza," Mama Mdogo alisema.

"Nitakula."

"Lini? Wewe na hiyo kompyuta, si mfunge ndoa tujue moja!"

Akaenda jikoni kubandika chai. Kitinda akachomeka waya. Mafaili yakahamia kwenye kompyuta, moja baada ya jingine.

Matatu.

Si alisema mara mbili? Akavaa hedifoni. Katika la kwanza mama alieleza nguo zake apewe nani. Katika la pili aliwaombea wanawe wa kiume. Kitinda hakutajwa. Aliandika yote hivyo hivyo, kama anaandika kikao cha watu asiowajua.

Kisha la tatu. Juu ya kila kazi yeye huandika tarehe, na kompyuta ilionyesha Jumanne, saa tano asubuhi.

Mama alifariki siku moja kabla, Jumatatu.

"Saa ya kinasa haikuwekwa sawa," akajisemea. Watu hawajali hata siku moja.

Chini ya meza ana kanyagio. Akikanyaga, sauti inakwenda. Akiachia, inasimama na kurudi nyuma sekunde tatu, asipitwe na neno. Akakanyaga.

Kimya. Halafu pumzi... nzito... karibu mno na sikio.

"Kitinda..."

Akaachia, akaandika. Akakanyaga tena.

"Kitinda..."

Ni ile kurudi nyuma tu, alijua. Lakini harufu ya dawa ya kuchua, ile waliyokuwa wakimpaka mama miguuni, ilikuwa imejaa chumbani. Mlango ulikuwa umefungwa.

Akakanyaga mara ya tatu.

"Kitinda, mbona huitiki?"

Vidole vikakwama. Alilelewa kama sisi sote: ukisikia unaitwa, usiitike kabla hujamwona anayekuita, asije akawa mfu akakuchukua. Hilo alilijua vizuri sana. Ila ni mama... na alishaitwa mara moja, hakwenda.

"Abee, mama."

Masikioni mwake mama alishusha pumzi. "Afadhali. Nilikuwa nakungoja."

"Mama, radhi..." alinong'ona. "Umeniachia?"

"Unayo, mwanangu. Sina kinyongo. Ila huku kimya kimezidi. Kaa nami kidogo."

Mtu akaanza kulia. Kilio cha kwikwi, cha mtoto aliyekosa. Kitinda akakitambua. Kilikuwa chake. Akagusa macho.

Makavu.

"Nitakaa, mama," ikasema sauti yake ndani ya rekodi.

Yeye hakuwa amefumbua mdomo.

Akang'oa hedifoni, akazitupa mezani. Mama Mdogo alikuwa mlangoni, kikombe mkononi.

"Vipi? Kakutaja?"

Kitinda akafungua kinywa. Haikutoka hata pumzi. Akaelekeza kidole kwenye skrini. Mama Mdogo akasogea, akasoma, akarudia kusoma.

"Faili gani hili? Jumanne asubuhi si tulikuwa makaburini? Kinasa nilikifungia kabatini, ufunguo ninao mimi!" Akakitua kikombe. "Kitinda. Niambie hukuitika. Niambie, mwanangu!"

Kitinda alijaribu tena. Shingo ilimsimama mishipa.

Hakuna.

Wakasikia sauti ndogo mezani. Mguu wa Kitinda haukuwa kwenye kanyagio, lakini faili lilikuwa linakwenda, na dakika zake zinaongezeka. Mama Mdogo akainama, akaweka sikio kwenye hedifoni. Humo ndani mama na bintiye walikuwa wanapiga soga. Wanacheka.

Mama Mdogo akaangua kilio.

Kitinda naye akainama, akasikiliza. Alitamani aone hata wivu. Hakuhisi kitu.