Kigingi Namba Sitini na Moja

Ilikuwa Jumatano ya kawaida, ya watu kupiga miayo. Tulikaa kwenye mabenchi ya ofisi ya kijiji, huko tambarare chini ya Himo, ambako kutoka nyumba moja hadi nyingine unakutana na upepo peke yake. Watu wachache, migunga mingi, vumbi jeupe kama majivu. Ndiyo maana barabara kuu mpya ilipelekwa huko: kwenye ramani palionekana patupu. Mpima mmoja kijana, Davis, mstaarabu, shati limechomekewa vizuri, alisimama na karatasi zake akauliza swali moja dogo.

“Wazee wangu, kwenye mstari huu wa vigingi kuna kaburi la mtu yeyote? Mkisema lipo, tutalihamisha kwa heshima, padre wenu akiwepo. Msiposema, mashine haina macho.”

Baba yangu mkubwa, Ildefonce, mwenyekiti wa ukoo wetu, akagonga sakafu kwa bakora yake mara tatu. Ko, ko, ko. Ndivyo alivyonyamazisha watu tangu nikiwa mtoto: kwenye vikao, kwenye misiba, hata kwenye harusi yangu, nikiwa nimeshafumba macho kumbusu bibi harusi.

“Hakuna kaburi,” akasema.

Lilikuwepo. Kigingi namba sitini na moja kilikuwa kimepigiliwa juu ya kifua cha shangazi yangu.

Na mimi nilikuwepo pale kwenye benchi. Mdomo huu, unaochekesha harusi tatu kwa wiki kuanzia Moshi mjini mpaka Mwanga, ulikaa kimya kama umeshonwa. Andikeni hilo kwanza kabla hamjamhukumu mtu mwingine.

Shangazi Theopista aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa. Akapigwa miaka sita, akarudi nyumbani Kilema na kanga moja na jino moja pungufu, bila mtoto. Alimuuguza bibi yetu miaka kumi na moja. Alimlea Flavia, binti wa huyo huyo Ildefonce, baada ya mama yake kufariki. Alikata majani ya ng'ombe, alichuma kahawa, alipika mtori wa wagonjwa wa ukoo mzima, na hakuna siku aliyoambiwa asante. Alipougua yeye, aliomba kitu kimoja tu: azikwe kihambani, kwenye migomba, kando ya mama yake.

Kihamba, kwa asiyejua, ni shamba la ukoo huko juu mlimani. Tunazaliwa humo na kuzikwa humo. Mchagga akifia hata mwisho wa dunia, tutachangishana mpaka majirani wahame, lakini atarudishwa.

“Binti aliyetolewa mahari hana kaburi hapa,” alisema Ildefonce. “Apelekwe kwa mumewe.”

Kwa mumewe wakasema asiye na mtoto hawamjui. Siku tisa mwili ulipigwa danadana, huku ndugu wakila ndizi za msiba na kuulizana pombe ya mbege imefika wapi. Mwishowe tukamzika tambarare, kwenye shamba letu la mahindi, kama mtu anayeficha kitu alichoiba. Flavia akapanda isale kichwani pake. Na mimi nilisimama pale nikatoa vichekesho viwili vitatu, eti kuchangamsha waombolezaji. Watu walicheka. Flavia hakucheka.

Sasa, isale si ua la kupamba. Ni mmea wa mipaka, wa makaburi na wa msamaha. Hata aliyekuulia ndugu, akija kwako na jani la isale limefungwa fundo, unalipokea. Halikataliwi. Hilo tunalijua kabla ya kujua kusali.

Baada ya kile kikao, Ildefonce alikwenda shambani akaling'oa lile isale kwa mikono yake ili pasionekane alama. Mngedhani alilitupa. Thubutu! Mzee yule hakuwahi kutupa hata msumari uliopinda. Kwenye ua wa kihamba chake kulikuwa na pengo ambalo mbuzi alipenda kupita. Alilipandisha isale mpaka Kilema, akalichomeka pengoni, akalimwagia maji, akajipongeza.

Yaani mwanamke aliyemnyima pa kulala, alimpandisha mlimani mwenyewe, mizizi na udongo wake, akamwonyesha na mlango.

Siku ya tatu Davis alinipigia simu.

“Anko Martin, kuna mtu wenu anacheza na vigingi?”

“Vipi?”

“Namba sitini na moja hakipo. Nimekikuta Himo, njia panda, upande wa kwenda juu. Kimepigiliwa wima kabisa.”

Nilimwambia ni walevi. Akapigilia kingine, namba ile ile. Kesho yake hakipo. Kilikuwa kilomita tatu juu ya Himo, kando ya barabara ya kwenda Marangu. Akapigilia cha tatu. Hicho kilionekana juu zaidi, kwenye migomba ya watu, kimeuelekea mlima. Davis alivipima vyote kwa mashine yake ya setilaiti, kisha akanipigia tena, safari hii kwa sauti ya chini.

“Anko, vimenyooka. Mimi sijawahi kunyoosha mstari hivi.”

“Unaelekea wapi?”

“Kilema.”

Ilikuwa masika. Mlima mzima ulikuwa unachuruzika, matope mpaka magotini. Lakini kila kigingi kilipong'olewa, ncha yake ilikuwa na udongo mweupe wa tambarare. Mkavu. Ukiupuliza, unapeperuka.

Flavia alielewa kabla yetu sote. Anafundisha shule ya msingi, hana mchezo. Alhamisi moja alikuja nyumbani kwangu, mtaa wa Soweto pale Moshi, akakataa hata maji.

“Kaka, mashine zinaanza kuchimba Jumatatu. Zikipita, shangazi atakuwa chini ya malori milele. Baba aseme kaburi lipo. Basi. Neno moja.”

Tukapanda wote wawili. Tulimkuta barazani, anamenya ndizi za mbuzi. Nikamwamkia, “Shikamoo, baba mkubwa.” Akaitikia bila kutazama. Flavia akapiga magoti mbele ya baba yake, akatoa jani la isale lililofungwa fundo, akalinyoosha kwa mikono miwili.

“Baba, nakuomba. Mrudishe shangazi nyumbani.”

Nilishusha pumzi. Nilijua yamekwisha. Halikataliwi!

Mzee akalichukua, akalitazama, akamrushia mbuzi.

“Msinitishe na majani,” akasema. “Nikifa mtamzika hata sebuleni. Nikiwa hai, hapandi.”

Yule mbuzi, ambaye aliwahi kula rozari ya jirani na shanga zake zote, alilinusa lile jani. Kisha akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Ijumaa kigingi kilionekana kwenye kahawa ya jirani. Jumamosi kilikuwa ndani ya ua, hatua mbili kutoka kwenye lile isale. Isale lenyewe lilikuwa limerefuka mpaka kunifika kifuani. Kwa wiki mbili! Ildefonce aling'oa kigingi, akakipasua kuni, akapikia chai. Flavia aliniambia chai ile ilikuwa na vumbi. Aliichuja mara tatu. Vumbi lilibaki.

Jumapili tulitoka misa ya kwanza. Tulikula. Saa saba na nusu mchana, jua kali baada ya mvua, kuku wanaparura, redio ya jirani inaimba kwaya. Ildefonce akainuka na bakora yake.

“Nalala kidogo. Asiniamshe mtu.”

Nyumba ina mlango mmoja. Mimi na Flavia tulikaa mlangoni, kiti changu upande huu, chake upande ule. Dirisha la chumba chake lina nondo. Nayasema haya kwa sababu polisi waliniuliza mara nne.

Saa nane, kwaya ikakatika.

Kuku wakanyamaza.

“Unasikia?” Flavia akanong'ona.

“Nini?”

“Mtu anaburuta mabua.”

Nilisikia. Mabua ya mahindi, makavu, yanaburutwa sakafuni. Huko juu tuna migomba na kahawa. Mahindi yako tambarare.

Kisha ile bakora. Ko. Ko. Ko.

Hakuna aliyenyamaza, maana tulikuwa kimya tayari. Kishindo kimoja kikafuata, kizito, kama nyundo juu ya mti.

Tukaingia. Kitanda kilikuwa kitupu. Ndala zake zilikuwa sakafuni, zimepangwa vizuri. Nondo zote zilikuwa mahali pake. Katikati ya godoro kulisimama kigingi chekundu, kimepenya shuka, kimepenya mbao, kimezama kwenye saruji. Namba sitini na moja. Shuka lilikuwa jeupe kwa vumbi, na kwenye vumbi kulikuwa na alama ya mtu aliyelala kifudifudi. Bakora haikuwepo.

Flavia hakupiga kelele. Alitoka nje, akazunguka nyumba, akaenda moja kwa moja kwenye migomba, kwenye kaburi la bibi. Nilimfuata kwa sababu sikutaka kubaki peke yangu mle ndani, sijifanyi shujaa.

Kando ya kaburi la bibi kulikuwa na tuta jipya. Refu kama mtu. Migomba yote ilikuwa inadondosha maji, lakini tuta lile lilikuwa kavu, jeupe, limechanganyika na mabua na miiba ya mgunga. Kichwani palisimama isale. Niligeuka kutazama ua. Pengo lilikuwa wazi.

Flavia akakaa chini kwenye matope na gauni lake la kanisani. Akaweka kiganja juu ya tuta.

“Karibu nyumbani, shangazi,” akasema.

Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Majirani walitafuta mitoni mpaka giza. Na mimi, asubuhi ya Jumatatu, nilikuwa jikoni kwa Flavia. Wote wawili tulikuwa tunafikiria kitu kimoja. Kama shangazi amepanda huku, kule chini kwenye shamba la mahindi, kwenye lile shimo lake, sasa kuna nani?

“Mashine zinaanza saa ngapi?” akaniuliza.

“Saa mbili.”

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa moja na dakika kumi. Simu yangu ilikuwa mezani, namba ya Davis naijua kwa kichwa. Tungeweza kupiga. Tungeweza kupanda bodaboda na kufika.

“Haya,” akasema Flavia. “Kunywa chai.”

Nikanywa. Nilimkumbuka shangazi akiwa mochwari siku tisa huku sisi tunaulizana habari za mbege. Nikaongeza kikombe cha pili.

Barabara ilikamilika mwaka uliofuata. Nzuri, pana, imenyooka, ukipita hapo unaona mlima wote na Mawenzi yake. Mwezi uliopita Davis alituita mimi na Flavia, kama wenye mashamba ya pande zote mbili. Alikuwa amekonda. Alitupeleka katikati ya lami, mchana kweupe, akatuonyesha ufa usiozidi upana wa kidole. Katika ufa lilikuwa limechomoza jani moja la isale.

Limefungwa fundo.

“Nimelikata mara ishirini na mbili,” akanong'ona. “Kila asubuhi lipo. Linaota likiwa na fundo, anko. Nani analifunga? Niambieni ukweli, mimi nina mke na watoto. Hapa palikuwa na kaburi? Mkisema lipo, nafumua lami leo hii. Namtoa, mnampeleka kwenu.”

Lori lilipita upande wa pili, vumbi likatulia. Flavia aliinama. Alilitazama lile jani kwa muda mrefu sana, na nikaona mikono yake, ile mikono iliyofundishwa tangu utotoni kwamba isale halikataliwi, inanyooka yenyewe kulielekea. Akaikunja. Akaificha kwapani.

“Hakuna kaburi,” akasema.

Chini ya viatu vyetu lami ikagonga. Ko. Ko. Ko. Davis akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Sisi tuliondoka tukitembea, wala hatukukimbia, na mpaka tunalifikia gari hakuna aliyemtazama mwenzake.

Jana jioni Davis alinipigia. Ameomba uhamisho, anaaga. Akaongeza, kama kitu kidogo tu alichokuwa anataka kusahau, kwamba ameona kigingi Himo, njia panda, upande wa kwenda juu. Chekundu. Sitini na moja.

Nilimuuliza ncha yake ina udongo gani.

“Haina udongo,” akasema. “Ina lami. Mbichi, anko. Imeniunguza vidole.”

Nikampigia Flavia, huko kihambani. Akasikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake nilisikia panga likikata, chap, chap, na mbuzi akilia.

“Nimeshaliona pengo,” akasema. “Naziba ua.”