Alama Ambayo Ilaria Hakuipaka

Aliyenisimulia ni Ilaria mwenyewe, anayepaka upya alama nyekundu na nyeupe za kuwaongoza watembeao kwa miguu katika misitu ya Siena, Italia.

"Wahi kurudi, mwanao hanyonyi brashi!" mama mkwe alimtania alipotoka.

Alasiri ukungu ulitanda, giza likaingia chini ya miti. Ilaria akarudi akifuata alama zake, hadi akakuta moja ambayo hakuipaka, ikielekeza korongoni. Akaigusa, rangi ilikuwa bado mbichi. Mbele yake akasikia brashi ikisugua gome, taratibu.

"Mzee Duccio, acha utani bwana!" akamwita mwenzake wa kazi.

Brashi ikanyamaza. Ilaria akatimua mbio, nayo ikaanza tena nyuma yake, mti kwa mti, hadi mlangoni kwake.

Asubuhi alimnyanyua mwanawe, akakuta alama nyekundu na nyeupe kwenye ubao wa kitanda cha mtoto, akaifuta. Ilitoka kwa kitambaa kikavu tu, rangi ilikuwa bado mbichi.