Vumbi Jekundu Kwenye Msumari

Siku ile mjinga alikuwa Mudrick, na mpaka leo hakatai. Zamani alikuwa mgambo. Sasa analinda geti la karakana moja huko Kizota, na mafundi humwita Afande, nusu heshima, nusu utani.

Saa nne asubuhi maseremala walikusanyika kushindanisha vigari vya mbao kwenye ubao wa mteremko. Mshindi hupewa kibanda cha mbele, kinachotazama barabara. Paulina alikuwa na kibanda cha nyuma, jirani na mashine ya kusaga, ambako mteja hufika akiwa amepotea njia. Ernest, mwenye kibanda cha mbele, alifika wa mwisho akipangusa mikono. Desturi ni kwamba siku hiyo hakuna anayegusa msumeno mpaka mshindi apatikane, lakini yeye alikuwa na kitanda cha mninga cha kumalizia.

Kigari cha Paulina, kilichoshinda majaribio yote, kilijikokota hadi katikati ya ubao kikasimama.

Paulina akachomoa gurudumu. Ekseli zake ni misumari aliyoipiga tupa, akaisugua kwa msasa laini, akaing'arisha kwa dawa ya meno, kisha akaipaka unga mweusi wa penseli iliyosagwa. Mafuta hapaki kamwe. Kwa vumbi la Dodoma, mafuta ni gundi. Sasa msumari ulikuwa umejaa tope.

Mudrick akaunusa: mafuta ya cherehani. Na vigari vyote tangu saa mbili vilikuwa vimehifadhiwa chumbani kwa Athuman, fundi cherehani wa hapohapo karakanani. Afande hakutaka zaidi. Palepale, mbele ya watu, akamtangaza Athuman kuwa ndiye mhalifu.

"Afande, mimi sina hata kigari," Athuman akasema taratibu. "Ukinifunga kwa sababu ya chupa ya mafuta, mpitie na muuza chipsi."

Watu wakacheka. Mudrick, ambaye dunia ilishamcheka kwa makubwa zaidi, akacheka nao, akamwomba radhi, akaanza upya. Athuman akakiri kwamba alitoka kwenda kunywa chai, mlango akaurudishia tu. Chupa aliiacha mezani.

Mudrick akaupangusa msumari kwa leso, akaitandaza juani. Kandokando ya weusi kulikuwa na chembe nyekundu za mbao. Vigari vyote huchongwa kwa msonobari, na vumbi lake ni jeupe. Nyekundu ni mninga. Hakuuliza nani alishika mninga asubuhi hiyo. Macho ya watu yalishamfikia Ernest.

"Vumbi linaruka," Ernest akasema.

"Linaruka, fundi. Ila halichomoi gurudumu, likajipaka ndani, likarudishia."

Ernest akakiri: aliyaona majaribio, akajua anahamishiwa nyuma, na huko nyuma watoto wake wangekula nini? Kisha akajikaza, akatafuta pa kutokea. Yeye hakuharibu kitu, akasema. Hata mkokoteni hupakwa mafuta. Alimsaidia tu dada wa watu.

Paulina akainama, akaokota kigari cha Ernest, akazungusha gurudumu kwa kidole. Likazunguka, likazunguka, likimwachia unga mweusi mkavu kwenye ncha ya kidole.

"Asante kwa msaada, kaka. Na chako mbona umekinyima?"