Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

"Mbona kikombe hiki kimefungwa uzi mwekundu?" jirani aliuliza siku moja alipokuja kuomba maji. Kijino, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akiosha vyombo kama kila asubuhi. Aliona aibu, akajibu, "Urembo tu."

Kikombe kilikuwa cha mama yake. Tangu mama apimwe damu akakutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, shangazi aliyeishi nao alimtengea kikombe, sahani na kijiko. "Usije ukatumaliza," alisema.

Siku ya kurudi kupima ilipofika, mama hakubadili nguo. "Siendi. Nikapimwe ili mnifunge uzi na shingoni?"

Kijino alikasirika. Mama asipopimwa, nani atajua kama dawa inafanya kazi? Akakichukua kile kikombe. "Shangazi, nisamehe, lakini leo twende wote. Ukamwulize mpimaji mwenyewe." Mama aliposikia hivyo akabadili nguo, wakaondoka wote watatu.

Maabarani, mpimaji alimtoa mama damu, akaandika jina kwenye kichupa. Kijino akaweka kikombe mezani, akaeleza yote, hata uwongo aliomwambia jirani.

"Dokta, mfundishe huyu mjuaji," shangazi alisema.

Mpimaji akamtazama shangazi. "Mama, nyumbani kucha mnakatia nini?"

"Wembe."

"Wa nani?"

"Wa nyumba nzima. Tunauweka dirishani."

"Hata mama anautumia," Kijino akasema.

Mpimaji akavua glavu, akazitupa kwa nguvu kwenye pipa. "Kikombe mmekifunga uzi, wembe mmeuacha. Virusi hivi haviambukizi kwa kikombe wala sahani. Vinapita kwenye damu. Wifi yako tunampima tuone virusi vimepungua kiasi gani na ini lake linaendeleaje. Yeye anajijua. Wewe umeshapima?"

Shangazi akatikisa kichwa.

"Na wewe, binti, utapimwa. Ukiwa huna, utachanjwa. Jirani akiuliza tena, mwambie ukweli. Ugonjwa tunaujua kwa kipimo, si kwa kumdhalilisha mgonjwa. Uwongo na woga havijawahi kumponya mtu."

Shangazi akakunja mkono wa gauni, akatolewa damu huku akitazama ukutani. Kisha akakichukua kikombe, akaukata uzi kwa meno, akakinga maji kwenye bomba la ndoo ya maji ya kunywa iliyokuwa mlangoni, akanywa hadi tone la mwisho. Akamkabidhi mama kikombe, akatoka.