Mfuko Namba Arobaini na Moja

Stendi ilifurika, jua kali, na chini ya hema la kuchangia damu muuguzi alikuwa ameshawauliza watu arobaini maswali yaleyale. Wa arobaini na moja alikuwa fundi friji, shati la bluu limenyooshwa pasi, macho hayatoki usoni kwa muuguzi.

"Umeugua malaria ndani ya miezi mitatu iliyopita?"

"Mwili huu, dada, ni chuma kitupu."

"Sijauliza chuma. Nimeuliza malaria."

"Sijaugua."

Akatolewa damu, akapewa kadi yenye namba ya simu ya ofisi kama wenzake: ukikumbuka jambo, piga, taja namba ya mfuko, jina halihitajiki. Akaomba na namba yake muuguzi. Sijui shetani gani alimpitia bibiye, akampa.

Siku nne waliongea mpaka chaji zikaisha.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na mpenzi umepewa na nani?"

"Nimejipa mwenyewe."

Muuguzi alicheka peke yake jikoni kama mwehu.

Siku ya tano, asubuhi, simu ya ofisi ikalia. "Mfuko arobaini na moja. Msimpe mtu."

Sauti aliijua. Mfuko ule ulikuwa tayari garini, unapelekwa kwa mama aliyekuwa akisubiri upasuaji. Akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni, akagonga kioo cha gari mpaka dereva akasimama. Ukashushwa, ukapakiwa mwingine. Akarudi anahema.

"Bado upo?"

"Nipo. Nilimaliza dozi ya malaria wiki mbili kabla ya kutoa damu. Ningesema, ungenirudisha, na nilitaka kukaa karibu nawe."

Jamani, wanaume wanachosha.

"Yaani umenitongoza kwa roho ya mtu? Ungesema kweli, ningekukataa kwenye damu tu, si moyoni. Nilikuwa nimeshakupenda, mpuuzi wewe."

Fundi akauliza kwa sauti ndogo: "Huyo mgonjwa?"

"Amepata mwingine. Lakini kwa simu hii siruhusiwi kumgombeza mtu. Asante kwa kupiga."

Akakata. Akatoka uani, akatoa simu yake mwenyewe mfukoni, akapiga. Ikapokelewa papo hapo.

"Sasa nisikilize. Saa kumi natoka kazini, unisubiri getini. Nina maneno ya kukusema, hayaishi leo wala mwaka huu."

"Nije na nini?"

"Na masikio."