Sanamu Iliyokaushwa Kama Tumbaku

Mimi naitwa Prossy. Nauza maharage na mihogo mikavu katika soko la Adumi, na watu wote wa pale wanajua kwamba nina mdomo. Hadithi hii ni ya mdogo wangu Afedra. Naisimulia mimi kwa sababu yeye ukimuuliza atacheka tu, kisha ataendelea kugonga patasi yake.

Afedra alikuwa tanboi, yaani utingo, wa lori. Alipakia mizigo Arua na kuipakua Koboko. Alikuwa na nguvu, na alijua kwamba ana nguvu. Siku moja huko Koboko alipanda juu ya magunia kufungua kamba. Kamba ikakatika. Alianguka chini, akavunjika nyonga.

Alikaa hospitali muda mrefu. Aliporudi nyumbani alitembea kwa gongo. Kubeba mzigo hawezi. Kuinama ashike jembe hawezi. Mke wake, Candiru, alilima peke yake. Afedra alilala kwenye mkeka, uso ukutani.

"Dada, mimi sasa ni wa kazi gani?" aliniuliza.

"Wa kula," nilimjibu. "Na unakula vizuri."

Nilitaka acheke. Hakucheka, na roho iliniuma sana.

Gongo lile lilimuumiza kwapani. Siku moja alichukua kisu cha jikoni, akaanza kulilainisha. Alipomaliza kulilainisha, mikono haikutaka kupumzika. Akachonga kichwa cha kanga mbele ya gongo, na mdomo wake, na macho yake. Alipokuja nalo sokoni, wanawake waliacha kununua maharage yangu. Walilishika, wakaligeuza, wakaulizana nani amechonga. Mimi nilimtazama mdogo wangu kama mgeni. Mikono ile niliijua kwa kamba na magunia tu.

Tangu siku hiyo aliacha kulala mchana. Aliazima patasi kwa seremala. Alichonga miiko, vigoda na ndege. Ndipo Yakani, katekista wetu, akaja nyumbani na waumini wengine. Kanisa letu dogo lilikuwa linajengwa.

"Afedra, tuchongee Mama Maria," alisema. "Lakini awe mama wa hapa kwetu. Kuna mtiki umeangushwa na upepo. Chukua gogo lake."

Afedra alijibu mbele ya watu wote: "Siku ya kufungua kanisa, sanamu itakuwa tayari."

Watu walipoondoka, aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, hii ikinishinda, sishiki patasi tena. Nitajua mimi ni mtu wa mkeka."

Alikata gogo vipande viwili, akaanza na kimoja. Alichonga mama amebeba mtoto mgongoni. Juu ya kichwa cha mtoto aliweka nusu ya kibuyu, kama mama zetu wanavyowakinga watoto na jua. Kila kitu kilikuwa cha mti, hata mikunjo ya kitenge. Na uso ulikuwa wa Candiru. Hakusema, lakini sote tuliuona.

Mti ulikuwa bado mbichi, na siku ya kanisa ilikaribia. Sasa, sisi watu wa Adumi tunajua kukausha. Baba yetu alilima tumbaku, na banda lake la kukaushia bado lipo. Unafunga mlango, unawasha moto, unauchunga usizime. Jani linatoka kavu na zuri. Basi Afedra aliingiza sanamu bandani akawasha moto. Hakuna aliyemkataza, kwa sababu sote tuliona ni akili nzuri.

Alipofungua mlango, sanamu ilikuwa imepasuka. Ufa ulianza kwenye paji la uso ukashuka mpaka kifuani. Mtoto alikuwa ameachana na mgongo wa mama yake. Afedra alirudisha patasi kwa seremala, akarudi kwenye mkeka. Kanisa likafunguliwa, kopo la maua likiwa mahali pa sanamu.

Candiru alimvumilia kwa muda. Kisha asubuhi moja akaifunga sanamu iliyopasuka kwa kitenge.

"Amka," alimwambia mumewe. "Koboko kuna mama anachonga. Tunakwenda."

"Kufanya nini? Anicheke?"

"Akicheka, atacheka na mimi nikiwepo. Amka."

Mimi nilifunga biashara yangu, nikawafuata. Jambo kama hilo siwezi kuhadithiwa.

Mama huyo anaitwa Agnes Keji. Ni Mkakwa, na baba yake alikuwa askari, kwa hiyo Kiswahili alikijua tangu utoto kambini. Sisi ni Walugbara. Tukaongea Kiswahili. Aliifungua sanamu, akapitisha kidole kwenye ufa. Kisha akautazama uso, akamtazama Candiru.

"Nani alichonga hii?"

"Mimi, mama," Afedra alisema.

"Mukono yako iko sawa kabisa. Kazi kama hii mimi sioni kila siku. Ulikausha namna gani?"

"Na moto. Kama tumbaku."

Agnes alicheka mpaka akajifuta machozi. Candiru alikunja uso, lakini Agnes alimshika mkono.

"Usikasirike, dada yangu. Sikia. Tumbaku ni jani. Iko nyembamba, maji inatoka mara moja. Muti iko nene. Ukiweka moto, inje inakauka, inataka kujikunja. Ndani bado iko na maji, inakataa. Sasa muti itafanya nini? Itapasuka."

Alituonyesha magogo yake. Yalikuwa kivulini, juu ya mawe, ili upepo upite chini. Pande zote mbili za mwisho zilikuwa zimepakwa rangi.

"Maji inapenda kutokea hapa kwa mwisho," alisema. "Hapo ndio ufa inaanzia. Paka rangi iliyobaki. Kama rangi hakuna, yeyusha mshumaa."

"Na nikitaka kuchonga mti mbichi?" Afedra aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anauliza kitu tangu siku ya ufa.

"Chonga umbo tu, usimalize. Toboa kutoka chini, tumbo ya sanamu iwe wazi ndani, muti isibaki nene. Funga na gunia pamoja na maranda yake, weka kwa kivuli. Fungua, angalia, funga tena. Pima uzito. Ukiona haipungui tena, iko kavu. Sasa ndio unachonga uso. Na ukipiga msasa, funga kitambaa kwa pua, vumbi ya muti ni mbaya."

"Itachukua muda. Watu watanicheka."

"Wacheke. Wewe ulikuwa mutu ya lori, unajua haraka. Muti haijui lori."

Tulirudi nyumbani. Afedra alichukua kile kipande cha pili cha gogo, akafanya kama alivyofundishwa. Kisha akasubiri. Mimi kusubiri siwezi, nikawa namtania.

"Unalea gunia?"

"Ndiyo, dada. Usiliamshe."

Mara kwa mara Candiru alimbebea gunia mpaka sokoni, naye Afedra akalipima kwenye mizani yangu ya maharage. Wateja walicheka. Kila mara uzito ulipungua, na kila mara alilifunga tena. Mvua zilikuja zikaisha. Hatimaye uzito ulisimama. Ndipo akachonga uso.

Jumapili tulipoipeleka sanamu kanisani, watu walisogea mbele kuitazama. Hakuna hata ufa wa unywele. Candiru alijiona pale mbele, akajifunika mdomo na kitenge chake. Mimi nililia hadharani, na sikuona aibu. Yule mtu niliyemwona amelala uso ukutani ndiye aliyefanya ile kazi.

Juzi alikuja bwana mmoja kutoka Arua na gari zuri. Alitaka sanamu kama ile kwa ajili ya nyumba yake.

"Niichukue wiki ijayo," alisema.

"Mti haujakauka," Afedra alijibu. "Rudi baada ya mvua."

Nilitaka kumfinya. Mteja mkubwa namna ile.

"Kuna mafundi wengine," bwana alisema.

"Wapo. Nenda salama."

Bwana alisimama kidogo karibu na gari lake. Kisha akarudi, akavuta kigoda, akaketi.

"Baada ya mvua mwezi gani?" aliuliza.

Afedra hakuinua hata kichwa. "Mti ukiwa tayari, nitakupigia simu," alisema, akaendelea kugonga.